Waliomngoja Daktari

Jumatano ya tarehe 6 Desemba 1989, BBC ilionyesha episodi ya mwisho ya Doctor Who na haikumwambia mtu yeyote kwamba ni ya mwisho. Hakukuwa na tangazo wala kwaheri. Msimu wa 26 uliisha kama ilivyoisha mingine yote, na mashabiki wakakaa kungoja wa 27. Wakangoja mwaka. Wakaandika barua. Majibu yakaja kwa ile lugha ya ofisi tunayoijua vizuri sana hapa kwetu: jambo lenu linashughulikiwa, kipindi kimepumzika tu, muda ukifika mtajulishwa.

Waliokuwa jikoni walishanusa moshi. Mtayarishaji, John Nathan-Turner, alihisi huenda hakuna kurudi, akaomba maneno machache yaongezwe mwishoni. Andrew Cartmel, aliyekuwa mhariri wa maandishi, akayaandika. Sylvester McCoy, Daktari wa saba, akaingia studio kuyarekodi tarehe 23 Novemba 1989, siku ambayo kipindi kilikuwa kinatimiza miaka 26. Kwa hivyo ukiiangalia episodi hiyo leo, unamwona Daktari na mwenzake Ace wakiondoka wametupa mgongo, na sauti inayosikika juu ya picha ni ya mtu anayeaga bila ruhusa ya kuaga.

Mngojo ulioanza usiku huo ulichukua zaidi ya miaka kumi na mitano.

Kwa msee ambaye hajawahi kukutana na hiki kitu: Doctor Who ni hadithi ya mgeni kutoka sayari nyingine anayezunguka katika wakati na anga ndani ya kibanda cha polisi cha rangi ya samawati, vile vibanda vya simu vilivyokuwa vikisimama kwenye mitaa ya London zamani. Kwa nje ni kibanda, kwa ndani ni kubwa kuliko nyumba. Jina lake hatulijui, anaitwa Daktari tu. Kilianza Jumamosi ya 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, na watu wengi walikuwa na mambo mengine kichwani kiasi kwamba wiki iliyofuata BBC ilirudia episodi ya kwanza kabla ya kuonyesha ya pili. Mtayarishaji wake wa kwanza, Verity Lambert, alikuwa na miaka 27. Mwongozaji wa hadithi ya kwanza, Waris Hussein, alikuwa kijana aliyezaliwa Lucknow, India. Kwa BBC ya wakati ule, iliyojaa wazee wa suti, hiyo ilikuwa timu ya ajabu. Na kwa sisi tunaopima kila kitu kwa kalenda yetu: siku 19 baadaye bendera ya Uingereza iliteremshwa Nairobi, na siku tisa baada ya Uhuru, tarehe 21 Desemba, Waingereza wakaonyeshwa kwa mara ya kwanza mkono wa Dalek, lile dude la chuma lenye kutamka kila neno kama amri ya chifu. Hapo ndipo nchi nzima iliposhikika.

Mwaka wa 1966 mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alikuwa mgonjwa na kipindi kilikuwa moto. Wakafanya ujanja ambao ndio siri ya kipindi chote: Daktari hafi, anabadilika mwili. Hartnell akaanguka sakafuni, sura ikayeyuka, akaamka Patrick Troughton. Tangu siku hiyo ni hadithi ambayo haina sababu ya kuisha. Ndiyo maana kunyamaza kwa 1989 kuliwauma watu hivyo. Hadithi yenyewe ilikuwa imewaahidi kwamba daima kuna mwingine anakuja.

Lakini ili uelewe walivyongoja, inabidi urudi nyuma kidogo, kwa sababu mashabiki hawa walikuwa wamezoea kufanya kazi ambayo mwenye mali alikuwa ameikataa.

BBC ya miaka ya sitini haikuona runinga kama kitu cha kuweka. Tepu za video zilikuwa ghali, na zilifutwa ili zitumike tena. Mkataba na chama cha waigizaji uliweka mpaka wa mara ngapi kipindi kingeweza kurudiwa. Rangi ilipokuja, nani angetaka kuona vitu vya nyeusi na nyeupe? Zilikuwepo nakala za filamu zilizotengenezwa kuuzwa nje, lakini haki za kuuza zilipokwisha, nazo zikatupwa au kuchomwa. Ufutaji uliendelea hadi 1978. Kati ya episodi 253 za miaka sita ya kwanza, zaidi ya 90 hazipo. Hata ile episodi Hartnell anapogeuka Troughton, siku muhimu kuliko zote katika historia ya kipindi, haipo. Tunachokiona leo ni vipande tu, na ule mgeuko wenyewe uliponea kwa sababu kipindi cha watoto, Blue Peter, kiliutumia mara moja na nakala ikabaki huko.

Ukitaka kuonja uchungu huo, muulize mzazi wako episodi ya Vitimbi iliyomchekesha zaidi alipokuwa mdogo, kisha jaribu kuitafuta.

Sasa hapa ndipo mashabiki wanapoingia. Hakukuwa na mashine za kurekodi picha nyumbani, ila sauti ilirekodika. Watoto na vijana waliweka maikrofoni mbele ya spika ya runinga, wakawaambia wazazi wao wanyamaze dakika 25, wakarekodi. Wengine walifungua runinga na kuunganisha waya moja kwa moja wapate sauti safi. Hakuna aliyewatuma. Hawakujua kwamba BBC ingefuta. Walitaka tu kusikiliza tena. Matokeo yake, kila episodi iliyopotea ina sauti yake kamili mpaka leo, na BBC yenyewe baadaye ikazitumia rekodi hizo kuuza kaseti na sidii, na kuzichorea katuni. Yaani shirika kubwa lenye bajeti na maktaba lilikuja kununua kumbukumbu yake kutoka kwa vijana waliokaa sakafuni na kinasa sauti.

Wengine walitafuta filamu zenyewe. Ian Levine, prodyusa wa muziki na shabiki sugu, alifika kwenye ghala la BBC mwaka wa 1978 akakuta mikebe ya hadithi ya kwanza ya Dalek ikingoja kuharibiwa. Akaiokoa. Miaka ya themanini episodi kadhaa zikapatikana Kupro. Mwaka 1992 hadithi nzima ikatokea Hong Kong. Na mwaka wa 2013 mtafutaji mmoja, Philip Morris, alitangaziwa dunia nzima kwa kupata mikebe katika stoo ya kituo cha televisheni Jos, Nigeria: episodi 9 ambazo hakuna aliyeziona kwa zaidi ya miaka arobaini. Afrika ilikuwa mnunuzi mzuri wa vipindi hivi vya Uingereza. Voice of Kenya nayo ilionyesha Daktari wa nyeusi na nyeupe. Napenda sana picha hiyo ya stoo ya Jos. Kwa muda mrefu tumeambiwa kumbukumbu zetu ziko London. Mara hii kumbukumbu ya London ilikuwa kwetu, imefunikwa vumbi.

Turudi kwa mngojo. Dalili ya kwanza ilikuja 1985, pale Michael Grade, aliyekuwa bosi wa BBC1, aliposimamisha kipindi kwa miezi 18. Levine na wenzake wakajibu kwa kurekodi wimbo. Ulikuwa msimu wa nyimbo za hisani, Band Aid ndiyo imetoka kukusanya pesa za njaa ya Ethiopia, na hawa wakakusanya waimbaji na waigizaji kulia kwamba Daktari yuko taabani. Pesa zilikuwa za hisani ya saratani, hilo tuwape. Lakini wimbo ni mbaya, mazee. Ni mbaya hivi kwamba Hans Zimmer, yule wa muziki wa The Lion King, alishiriki na haukusaidika. BBC ilikataa kuupiga. Kipindi kilirudi 1986 kikiwa kimechoka, na Grade hakubadilika msimamo. Funzo ambalo mashabiki walipata, nadhani, ni kwamba kelele haitoshi. Mtu asiyekipenda kitu hakipendi zaidi kwa sababu umemlilia.

Kwa hivyo baada ya 1989 walifanya kitu tofauti. Mashabiki wa Gor Mahia waliwahi kungoja ligi kutoka 1995 hadi 2013, lakini Gor ilikuwa inacheza kila wikendi. Ungeweza kwenda City Stadium ukaumia ukiwa hai. Hawa wa Daktari hawakuwa na mechi ya kwenda kuona. Ikabidi watengeneze mechi wenyewe.

Kulikuwa na jarida, Doctor Who Magazine, lililoanza 1979. Jarida la kipindi kisichokuwepo, na bado likatoka kila mwezi. Kisha mwaka wa 1991 kampuni ya Virgin ikaanza kuchapisha riwaya mpya za Daktari, na uamuzi mmoja wa ofisi hiyo ukabadilisha kila kitu: walikubali kusoma miswada ya watu ambao hawajawahi kuchapishwa. Fikiria hilo kama wewe ni kijana unayeandika na kila mlango unaogonga unaulizwa cheti. Hapa hukuulizwa cheti. Ulihitaji hadithi, na umjue Daktari. Mashabiki wakaandika. Paul Cornell alitoka humo. Mark Gatiss alitoka humo, riwaya yake ya kwanza ikiwa ya 1992. Russell T Davies, ambaye tayari alikuwa na kazi ya runinga, aliandika yake 1996. Steven Moffat aliandika hadithi fupi mwaka huohuo, na mwaka 1999 akaandika kichekesho cha Daktari kwa ajili ya mchango wa Comic Relief, Rowan Atkinson akiigiza.

Vitabu hivyo vilikuwa na damu, mapenzi, siasa na huzuni ambayo runinga isingeruhusu. Vingine havisomeki, tuseme ukweli. Lakini ilikuwa shule. Mwaka 1999 kampuni ndogo, Big Finish, ikapata leseni ya kutengeneza michezo ya sauti na kuwarudisha Madaktari wa zamani. Kijana mmoja wa Scotland aliyekuwa mwendawazimu wa kipindi hiki tangu utotoni alipata sehemu ndogo ndogo kwenye michezo hiyo. Jina lake David Tennant.

Katikati ya mngojo kulikuwa na alfajiri ya uongo. Mwaka 1996 Wamarekani wa Fox waliingia ubia na BBC wakatengeneza filamu ya runinga, ikapigwa Vancouver, Paul McGann akiwa Daktari wa nane. Uingereza watu milioni 9 waliitazama. Marekani, ambako uamuzi ulikuwa unafanyika, haikufika milioni 6, na hapo ikazikwa. Daktari alimbusu daktari wa kike wa San Francisco na mashabiki wakagombana juu ya busu hilo kwa miaka. Sikilizeni, mtu aliyekaa na njaa miaka saba, ukampa sahani moja, atalalamikia chumvi. Ni kawaida. McGann alikuwa mzuri sana, na alipata usiku mmoja tu.

Halafu ikaja 2003, mwaka wa 40. Kila mtu alishakata tamaa ya runinga, na kitengo cha intaneti cha BBC kikatangaza mchezo wa katuni na Richard E. Grant kama Daktari wa tisa, rasmi kabisa. Huyo Daktari rasmi alidumu miezi michache. Tarehe 26 Septemba 2003 Lorraine Heggessey, bosi wa BBC One, alitangaza kwamba Doctor Who inarudi runingani, itatengenezwa Wales, mwandishi mkuu Russell T Davies. Katuni ilionyeshwa Novemba ikiwa tayari ni yatima.

Miezi 18 iliyofuata ndiyo ninayoipenda kuliko sehemu zote za historia hii, kwa sababu watu waliokuwa wameomba kitu kimoja kwa miaka 14 walipewa, na wakaingiwa na hofu. Machi 2004 Christopher Eccleston akatajwa, mwigizaji mzito wa tamthilia nzito. Watu wakashusha pumzi. Mei akatajwa Billie Piper, msichana wa nyimbo za pop. Noma! Mashabiki waliona ni mzaha. Kisha mazungumzo na warithi wa Terry Nation, aliyebuni Dalek, yakavunjika, na kwa wiki kadhaa ilionekana Daktari atarudi bila adui wake. Agosti wakaelewana. Machi 2005, wiki tatu kabla ya siku yenyewe, episodi ya kwanza ikavuja kwenye intaneti kutoka Kanada. Sasa chagua: umengoja miaka 15, faili liko hapo, unafungua au unangoja wiki tatu zaidi? Wengine walifungua. Wengine walikaa mbali na kompyuta kama mtu anayefunga Ramadhani karibu na hoteli ya pilau.

Jumamosi, 26 Machi 2005. Karibu watu milioni 11 walitazama. Wiki hiyohiyo ikavuja kwamba Eccleston anaondoka baada ya msimu mmoja, na BBC ikamwekea maneno ambayo baadaye ililazimika kukiri kwamba si yake. Aliyechukua nafasi ni yule kijana wa michezo ya sauti, Tennant.

Angalia orodha ya waandishi wa msimu ule wa 2005: Davies, Moffat, Gatiss, Cornell, Robert Shearman. Watano, na wote walikuwa wameandika Daktari katika miaka ya giza. Shearman aliirudisha Dalek kwa hadithi iliyotokana na mchezo wake mwenyewe wa Big Finish. Mwaka 2007 riwaya ya Cornell ya 1995 ikageuzwa kuwa episodi mbili za Tennant, na wapo wengi wanaozihesabu kati ya bora zaidi za kipindi kizima. Mwaka 2013 Daktari mpya akawa Peter Capaldi, ambaye mwaka 1974, akiwa kijana wa shule, barua yake ya kukisifu kipindi ilichapishwa kwenye Radio Times. Wangojaji waliishia kushika funguo.

Hapo ndipo wengi huimalizia hadithi hii, kama hadithi ya uvumilivu unaolipa. Mimi naona kuna jambo gumu zaidi ndani yake. Itazame tena ile episodi ya 2005. Inaitwa Rose. Haianzi na Daktari. Inaanza na msichana wa miaka 19 anayeamka na kengele ya saa, anapanda basi, anakwenda kuuza nguo dukani, anarudi kwa mamake katika nyumba za kaunsili. Daktari anajitokeza baadaye, anamwambia akimbie. Sayari yake haitajwi. Madaktari wanane waliotangulia hawatajwi. Hata namna McGann alivyogeuka kuwa Eccleston hatuonyeshwi. Davies, shabiki aliyejua kila episodi, alichukua historia yote ambayo watu walikuwa wameihifadhi kwa kaseti na riwaya na jarida la kila mwezi, akaifungia kabatini, kisha akaandikia watu ambao hawakuwa wamengoja hata siku moja. Watoto wa miaka minane. Akina mama waliokuwa wanapiga pasi Jumamosi jioni.

Na alikuwa sahihi. Wimbo wa 1985 ulikuwa wa mashabiki wakiwaimbia mashabiki. Filamu ya 1996 ilianza na McCoy akigeuka kuwa McGann, ikamwacha mgeni ashangae hawa ni akina nani. Kilichorudi kikakaa ni kile kilichoandikwa na mngojaji aliyekubali kwamba wangojaji sio wageni wa heshima kwenye karamu. Nadhani hilo ni chungu kuliko kungoja kwenyewe: unakitunza kitu miaka kumi na mitano, kisha siku kinaporudi unaambiwa usogee, wengine waone.

Wapo ambao hawajasamehe. Ukiwasikiliza wanazungumzia 1989 kama wazee wanavyozungumzia shilingi ya zamani.

Sasa tuko kwenye mngojo mwingine. Mwaka 2022 Disney iliingia ubia na BBC, pesa zikaja, Davies akarudi, na Daktari akawa Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Kigali mwaka 1992 na kulelewa Scotland baada ya familia yake kukimbia mauaji ya kimbari. Alifanya misimu miwili. Tarehe 31 Mei 2025 aligeuka mwili, na Oktoba BBC ikatangaza kwamba Disney haiendelei, na kwamba kitakachofuata ni episodi moja maalumu ya Krismasi ya 2026. Baada ya hapo, safari hii BBC imesema kipindi kitaendelea. Watu waliokuwepo 1989 wanaisoma sentensi hiyo polepole sana.

Aliyejitokeza pale Gatwa alipogeuka ni Billie Piper. Yuleyule msichana wa pop aliyewafanya walalamike 2004. Alitabasamu, akasema maneno mawili, na majina ya mwisho yalipopita hayakusema kwamba yeye ndiye Daktari. Yalimtambulisha kwa jina lake tu. Mashabiki wamekwisha kuisimamisha fremu hiyo mara elfu, wakitafuta kitu kwenye macho yake.